Ritani Zilizolala kwa Mwalimu

Nikimkumbuka Mwalimu, hasira ndiyo inayotangulia. Huruma huja nyuma yake, heshima nayo, hata kicheko, maana mzee yule alikuwa na vichekesho vyake. Lakini hasira ndiyo ya kwanza, na mie siifukuzi. Nshaambiwa na watu wa mtaani kwetu Kiponda kwamba si adabu kumsema mtu mzima. Nimewasikia, na ndiyo maana jina lake halitoki mdomoni mwangu. Wa Kiponda watamjua, na asiyekuwa wa Kiponda jina halimsaidii kitu.

Msimu wa ritani unakaribia tena. Nimezitandaza risiti zangu juu ya meza ya kukatia vitambaa, mwezi baada ya mwezi, na kila nikishika karatasi namsikia yeye. Ritani ni ile taarifa ambayo mwenye biashara huipeleka ofisi ya kodi kila mwaka, aeleze ameingiza nini, ametumia nini, na serikali inamdai nini. Kwetu sisi kwa miaka mingi ritani ilikuwa ni Mwalimu. Mtu akitoka na mfuko wa karatasi ukamuuliza wapi, atakwambia nnakwenda kwa Mwalimu, basi, habari imekwisha.

Alinisomesha hesabu za biashara skuli. Alipostaafu akafungua dirisha la chumba chake cha chini, linalotazama kichochoroni, akaweka meza, rula, kalkuleta moja kubwa na kiti cha mgeni ambacho mguu wake mmoja mfupi. Kiti kile makusudi hakukitengeneza. Alisema mtu akikaa raha atapiga soga, na yeye hana nafasi ya soga. Nimekaa juu ya kiti kile zaidi ya miaka kumi, nikijishikilia ukingo wa meza nisianguke, nikitukanwa.

Maana alikuwa akitukana. Si matusi ya nguoni, la, hayo hayakuwa yake. Alitukana kwa upole, kwa Kiswahili kilichonyooka, sauti chini, ukatamani heri angekupiga kibao. Mwezi wa kwanza ukiingia tu utamwona kashika bakora, kanzu imepigwa pasi, anapita mlango kwa mlango. Hasemi hodi. Anagonga kwa bakora na kusema, "Mwaka umefungwa. Karatasi ziko wapi?" Wewe uko jikoni, unga umekujaa mikononi, unajikuta unajibu naam Mwalimu, na moyo unakudunda kama hukufanya kazi uliyopewa skuli.

Alikuwa na maneno yake. Msimu wa kodi, akisema, hauanzi siku ya mwisho ya kupeleka ritani, unaanza siku uliyouza kitu cha kwanza. Akisema pia kwamba karatasi haina haya, inasema yote, kwa hiyo usiibanebane. Ile methali ya mali bila daftari hupotea bila habari aliiandika kwa mkono wake, akaibandika ukutani juu ya kichwa chake, ukae kwenye kiti chake kibovu uisome wewe. Tuliisoma. Mimi hata wanawake wawili wanaoshona nami niliwafundisha, wakawa wanaiimba wakikanyaga charahani.

Hebu niseme kazi yangu, mtu asipotee. Mie nashona mapazia na foronya na matandiko ya vitanda vya mahoteli. Nina charahani tatu katika chumba kimoja cha kukodi, moja nnaikanyaga mie na mbili wenzangu, na sote watatu tuna watoto na hatuna waume wa kututazama. Kazi kubwa tunapewa na hoteli moja ya Shangani. Mkataba wao ndio unaotulisha nyumba tatu. Duka la rejareja sina. Hoteli ikituacha, tumeachwa.

Sasa sikiliza kisa cha jirani yangu muuza mabuibui, maana ukikijua hicho umemjua Mwalimu nusu yake. Bibi huyu alikwenda kwake na risiti zake zimekunjamana, nyingine zimefungiwa viungo. Mwalimu akazishika kwa ncha za vidole, akamuuliza kama hizi ni risiti au ni vitambaa vya kufutia kamasi. Bibi wa watu alirudi nyumbani kaaibika. Na yeye sifa yake mjini ni kupiga pasi. Buibui likitoka mkononi mwake limelala kama maji. Akaona basi, nitamwonesha. Akawasha pasi, akazipiga pasi risiti za mwaka mzima, moja moja.

Na zile karatasi za mashine ya risiti hazitaki moto. Maandishi yake yenyewe huandikwa kwa joto, ukizipasha zinageuka nyeusi zote, herufi zikamezwa humo. Yeye akadhani ndio wino unarudi. Kesho yake akampelekea Mwalimu rundo limenyooka sawasawa, jeusi tititi. Mwalimu alilitazama muda mrefu, kisha akamwambia, "Bibi, umeupiga pasi mwaka mzima." Na ikawa hadithi. Kila mwaka aliisimulia barazani, bibi akipita na kapu lake, watu wakicheka, naye akijilazimisha kucheka nao. Mie nilikuwa nikiumia kwa hilo, na sikusema.

Lakini baada ya siku ile ya kwanza, kabla hajaanza kuisimulia, Mwalimu alivaa viatu akaenda duka kwa duka, Darajani mpaka Mchangani, kila mahali bibi yule aliponunua vitambaa, akawaomba wenye maduka wamtolee nakala. Wiki nzima. Kwa miguu yake, na magoti yake yalikuwa yashaanza kumsumbua. Hakumwambia bibi alikozipata. Alimwekea juu ya meza, akamwambia safari hii uzitie bahashani na pasi uiache. Ndivyo alivyokuwa. Akikufedhehesha mbele za watu, kisha anakubebea mzigo pasipo na mtu.

Alikuwa mkali kwa waliosoma na mpole kwa wasiosoma. Alikuwapo mama mmoja akitoka Mkokotoni, mchuuzi wa dagaa, hajui kuandika. Yeye hesabu zake aliweka kwa kete za bao katika kopo la maziwa: ndoo moja ya dagaa, kete moja. Nilimkuta siku moja kashamimina kete zake juu ya meza ya Mwalimu, na Mwalimu kainama anazihesabu naye, kwa sauti, hazidishi haraka, wakikosea wanarudia mwanzo. Kiti kibovu kakikalia Mwalimu mwenyewe, mama kapewa kile kizuri. Alipoondoka nikamtania, nikamwambia Mwalimu, mie ningeleta kete ungenipiga nazo. Akanijibu kwamba huyu mama daftari lake ni la kweli kuliko lako, kwa sababu hakuna kete aliyoitia bila ya kuuza ndoo.

Pesa hakupokea. Ukimtolea bahasha anakutazama mpaka unairudisha mwenyewe. Serikali ishanilipa kukusomesheni, akisema, elimu siiuzi mara mbili. Halua alipokea, na mkungu wa ndizi, na mimi nilimshonea mapazia ya chumba kile cha chini. Tukajiona tumepata bahati, mtaa mzima tunahudumiwa na bingwa kwa sahani ya halua. Wanasema rahisi ghali. Basi mie nakwambia bure ndiyo ghali zaidi. Mtu unayemlipa unamuuliza kazi yangu iko wapi. Mtu anayekufanyia bure, utamuulizaje?

Hapo ndipo nnapotaka mtu anielewe, maana ndipo hasira yangu ilipo. Katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, Mwalimu, nipe ile karatasi ya ofisi inayoonesha kwamba ritani yangu imepokelewa. Hata mmoja. Yeye akikuonesha fomu uliyojaziwa, mwandiko umekaa kama umechapwa, jumla imepigiwa mistari miwili kwa rula, unatia sahihi, unasema ahsante Mwalimu, Mungu akuweke. Nani amwombe mtu mzima kama yule ushahidi? Kumwomba ushahidi ni kumwambia sikuamini. Kwetu mtu huvumilia kuibiwa kuliko kusema neno hilo. Makosa mengine watu huyafanya kwa ujinga au kwa uvivu. Sisi hili tulilifanya kwa tabia njema.

Mambo ya kodi yalipohamia kwenye mtandao, ukawa hupeleki tena fomu ya mkono, unaingia kwa kompyuta na namba yako na neno la siri, sisi hatukujishughulisha. Alikuwapo kijana mwenye duka la stationari pale njia panda, anawajazia watu kwa malipo. Mwalimu alimdharau. Alisema huyo anabonyeza, haandiki, na asiyeandika hajui alichokisema. Mwaka mmoja mie nilikwenda kwa yule kijana kuuliza tu bei. Habari zikamfika Mwalimu kabla sijafika nyumbani. Alininunia Ramadhani nzima. Nikipita nikimwamkia, anaitikia marahaba akiwa anatazama ukuta. Sikukuu nilikwenda kumwomba radhi na sahani ya visheti mkononi, mie mtu mzima wa miaka arubaini na kitu, naomba radhi kwa kuuliza bei.

Na kitu kingine. Katika fomu zetu zote, penye nafasi ya namba ya simu, Mwalimu aliandika namba yake mwenyewe. Alisema hataki ofisi itusumbue sisi na kazi zetu, wakiwa na swali waniulize mimi. Tukaliona ni jambo la huruma. Kwa hiyo ofisi walipokuwa wanatuma ujumbe, fulani hujaleta ritani, fulani una adhabu, ulikwenda wote kwenye kile kisimu chake cha tochi.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Mhasibu wa ile hoteli aliniita, akaniambia mkataba unakwisha, na safari hii uongozi unataka kila anayewauzia kitu alete cheti kwamba hadaiwi kodi. Akanipa mwezi mmoja. Mie nikacheka. Nikamwambia hilo dogo, nina mwalimu wangu. Nikaenda ofisi ya kodi nimejitanda vizuri, nimejifukiza na udi, nimekaa kwa raha. Dada mmoja wa pale dirishani akaingiza namba yangu, akatazama, akatazama tena.

Akaniambia, "Bi, kwetu hapa ritani yako ya mwisho ni ya miaka mitatu nyuma."

Nikamwambia haiwezekani, nimetia sahihi kila mwaka kwa mkono wangu huu. Akaniuliza kwa adabu, karatasi ya kupokelewa iko wapi. Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe: miaka mitatu, mitupu, na adhabu imeota juu ya adhabu. Kwa adhabu ile hata nikiuza charahani zote tatu singefika. Na cheti bila kuimaliza sipati. Yule dada hakuwa na ubaya. Aliniambia ipo njia: niziingize ritani zote tatu sasa, na niandike barua ya kuomba nisamehewe adhabu, lakini barua lazima itaje sababu ya kuchelewa, na sababu iwe ya kweli, wataichunguza.

Nilitoka pale nakwenda hata njia siioni, vespa zinanipigia honi. Nilifika dirishani kwa Mwalimu sijaamkia. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikamwambia Mwalimu, ofisi wanasema hawana kitu changu. Akasema nirudi kesho. Nikarudi kesho, akasema kesho. Siku ya tatu nikaingia ndani, nikakaa juu ya kile kiti kibovu, nikamwambia siondoki. Kisha akavuta mtoto wa meza, ule mkubwa wa chini.

Zilikuwa zimo. Zangu, za bibi wa mabuibui, za mama wa Mkokotoni, za mwenye duka la vyuma, za mtaa mzima. Kila mtu na bahasha yake, mwaka wake na jina lake juu, zimepangwa kwa alfabeti. Nikafungua yangu. Hakukuwa na kosa hata la senti. Alikuwa amezijaza kila mwaka, na kuzikagua, na kuzitia sahihi ya kuzihakiki, na kuzilaza pale. Hakujua kuingia kwenye mtandao. Alikwenda mara moja na fomu zetu mkononi, ofisi wakamwambia mzee siku hizi hatupokei hivi, akarudi nazo, na hakumwambia mtu.

Nikamuuliza kwa nini.

"Nliona haya," akasema.

Nikamwambia, "Haya yako, Mwalimu, ndiyo itakayonifungia charahani."

Nilimwambia na mengine, siyaandiki hapa. Nilimkumbusha bibi yule na pasi yake. Nilimkumbusha Ramadhani ile aliyoniitikia akitazama ukuta kwa sababu nimemuuliza bei kijana ambaye, laiti ningemwachia kazi, leo ningekuwa salama. Sauti yangu ilipanda, na nnajua dirisha lilikuwa wazi. Hakujitetea. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, na kidole gumba kinatelezateleza kwenye ukingo wa rula. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini huyu alificha yake, na wa kuumbuka tukawa sisi.

Kisha nikarudi nyumbani na, nnaona aibu kusema, nikamfichia. Hasira yote ile, na mkono ulipofika kwenye karatasi ya barua ukaandika kwamba nilikuwa mgonjwa miaka mitatu. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu mzima husitiriwa, hata akikuangusha unasema umejikwaa mwenyewe. Ritani zangu nilizipeleka kwa yule kijana wa stationari, akaziingiza kwa muda wa kunywa chai. Barua nikampelekea Mwalimu aitazame, maana sijapata kupeleka barua ya kazi bila yeye kuitazama. Ujinga juu ya ujinga.

Akaisoma. Akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja kutoka kona mpaka kona. Akasema huu uongo, na ofisi ikitaka cheti cha daktari utakitoa wapi. Akatoa karatasi mpya, akaandika mwenyewe. Alichukua muda mrefu, na mwandiko ulikuwa ule ule. Aliandika kwamba yeye fulani bin fulani, mwalimu mstaafu, aliaminiwa ritani za bibi huyu, akazijaza kwa wakati na hakuzipeleka, kwa sababu hakujua njia mpya na aliona haya kuuliza. Kwamba mwenye biashara hana kosa isipokuwa kumwamini yeye. Akatia sahihi jina lake lote. Kisha akaniambia niwaite wengine, waje mmoja mmoja, wote atawaandikia.

Siku nne alikaa anaandika. Watu walikuja, wakapokea barua zao kwa mikono miwili, wakasema ahsante Mwalimu. Na usidhani kwamba walizipeleka. Waliokutana ni wanaume wa barazani, wakakubaliana kwamba jina la Mwalimu halitaingia ofisini kama jina la mhalifu. Watauza wanachouza, watakopa, watalipa adhabu kidogo kidogo, na barua zichanwe. Bibi wa mabuibui ndiye aliyetumwa kwangu. Alikaa ukumbini kwangu, akakataa chai, akaniambia, "Mwanangu, mtie sitara mtu mzima. Mola atakulipa."

Nikamwambia Bi, wewe huyu mtu amekucheka mbele za watu miaka. Akasema anajua. Nikamwambia sitara hii ndiyo iliyotufikisha hapa, kila mtu kamsitiri mwenziwe mpaka hakuna aliyejua kitu. Akasema anajua hilo pia. Basi akaondoka, na nilikuwa nimekasirika hata nikalikata vibaya pazia la dirisha kubwa, mita sita za kitambaa kizuri. Wenzangu wawili wameacha charahani wananitazama. Mmoja akaniuliza, sasa barua utaipeleka au huipeleki? Na yeye ana watoto wanne.

Asubuhi yake niliipeleka.

Mtaa ulijua kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyenitukana, watu wa Kiponda hawatukani. Walinijibu salamu nusu. Kulikuwa na harusi kwa mwenye duka la vyuma, nikaalikwa mwishoni kabisa, na nilipokaa mkekani wanawake wakajibanza upande wa pili kana kwamba kuna mtu mwengine atakuja kukaa. Nilisikia mmoja akisema huyo ndiye aliyemshitaki mwalimu wake. Nilikula pilau lao nikalimaliza. Kwa nini nisile? Mie sikumshitaki mtu. Nilipeleka barua aliyoiandika mwenyewe kwa akili zake timamu, na wao waliozichana zao ndio waliomwambia, kwa adabu zote, kwamba neno lake halina kazi tena.

Nataka niseme hili pia, nisije nikamfanya malaika. Hajaniomba radhi. Aliwaandikia ofisi kosa lake kwa mwandiko mzuri, lakini mie sikuwahi kumsikia akisema nisamehe. Sasa kahamia shamba kwa binti yake, upande wa Makunduchi, na nnafikiri hatasema.

Mara ya mwisho nilipomwona Kiponda ilikuwa baada ya laasiri. Nilikuwa nimejitwika furushi la mapazia mapya ya hoteli, napita mbele ya baraza ya duka la vyuma. Wanaume wamo wamejaa, wanacheza dhumna. Wakaniona, wakainamia mchezo wao. Mwalimu alikuwa anatokea upande wa pili, bakora mkononi, na nikaona jinsi walivyomwamkia: haraka, kwa heshima nyingi, wakimpisha njia, na hakuna aliyemwambia karibu ukae. Zamani wasingemwacha apite bila kumkalisha.

Nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba." Akasimama. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Barua yangu umeipeleka?"

Nikamwambia nimeipeleka.

"Wakasemaje?"

"Wamekubali, Mwalimu. Adhabu wamenifutia, kodi yenyewe nnailipa kidogo kidogo. Cheti nshakipata, na mkataba nimetia sahihi."

Akaitikia kwa kichwa. Akatazama furushi langu muda kidogo, halafu akawageukia wao.

"Na nyinyi? Nimekaa siku nne. Barua zangu ziko wapi?"

Mwenye duka la vyuma ndiye aliyejibu, macho chini. "Mwalimu, sisi tumekusitiri."

"Nani kakuombeni?"

Hakupandisha sauti. Aliegemea bakora yake, akasubiri jibu, na wao watu wazima wenye ndevu na maduka wakatazama dhumna zao. Mmoja alinitupia jicho, kana kwamba mie ndiye wa kusema neno la kuwatoa pale. Nikaliweka furushi langu sawa kichwani, nikapita katikati yao, nikaenda zangu Shangani.